Kipande cha Ng'amba

Piki iliniponyoka katikati ya wimbo wa pili, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Niliiona ikiruka, ikagonga ukingo wa jukwaa, ikapotelea chini ya meza ya keki. Ridhimu ilikuwa yangu, na nikisimama mimi wimbo mzima unapwaya, kwa hiyo nikaendelea kuchapa nyuzi kwa kucha ya kidole cha shahada. Kufikia wimbo wa tatu kucha ilikuwa imepasuka, na gitaa jeupe la kuazima lilikuwa na michirizi myekundu.

Wakati wa kugawana posho kiongozi wa bendi alinivuta pembeni. Hakufoka. "Mdogo wangu," alisema, "sikio unalo, lakini mikono yako ina maji. Harusi mbili zijazo atakaa mwenzako." Harusi mbili zikawa nne, nne zikawa msimu mzima.

Kwa asiyepiga gitaa, piki ni kile kipande cha plastiki chenye umbo la pembe tatu iliyoviringwa, kidogo kuliko kifuniko cha soda, unachokibana kati ya dole gumba na kidole cha shahada ili kuchapia nyuzi. Huuzwa bei ya andazi na chai. Hakuna anayekiwaza mpaka siku kinapomtoka. Tatizo lake ni la kimaumbile kabisa: kila ukichapa uzi, uzi nao unaisukuma piki upande wa pili. Ukichapa mara 4 kwa sekunde, unasukumwa mara 4 kwa sekunde, na kila msukumo unaigeuza kidogo, nyuzi 2 au 3 za mzunguko, hadi ncha iliyokuwa inatazama nyaya inatazama dari. Ukiogopa, unakaza. Ukikaza, mkono mzima hadi kwenye kiwiko unakuwa mgumu kama mpini wa jembe, damu haipiti vizuri, jasho linazidi, na jasho ndilo lililokutia hofu tangu mwanzo. Mtu mwenye viganja vikavu hawezi kuelewa uonevu huu.

Nilimaliza msimu ule kwa kujaribu kila dawa. Nilisugua piki kwa msasa. Nilipaka unga wa mtoto. Kuna mtu alinishauri gundi ya viatu, sitaeleza yaliyonipata. Mwishowe mama akachoka na manung'uniko yangu, akaniambia nipande boti niende Unguja kwa kaka yake.

Mjomba alipiga udi tangu ujana wake, na mchana alishona kofia. Nilimkuta kibarazani, kofia ya viua imefunika goti lake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Gitaa liko wapi?"

"Nimeliacha Dar."

"Na hicho kinachokusumbua, umekiacha pia?"

Nikatoa piki mfukoni. Akaniambia nimwonyeshe ninavyoishika, nikaishika. Akaivuta kwa vidole viwili, haikutoka. Akavuta tena, haikutoka. Nikajisikia nimefaulu mtihani.

"Hii umeishika au umeikamata?" akauliza. "Kosa lake nini?"

Kisha akanipa sindano na kofia, nitoboe vitundu kumi. Ukiikaza sindano ya kofia kama nilivyoikaza piki, vidole vinakufa ganzi kabla ya kitundu cha tano. Ukiilegeza mno, inachepuka na kuharibu ua. Mshono mmoja una kukaza na kulegeza: unabana pale tu sindano inapopenya kitambaa, inapotoka unaachia. Mjomba alikuwa amefanya hivyo mara maelfu kwa siku kwa miaka arobaini, na vidole vyake havikuwa na kovu. Mimi nilitoboa vitundu sita na kidole kimoja.

Jioni akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na risha zake tatu. Risha kwa Kiarabu ni unyoya, na jina limebaki ingawa hakuna hata moja kati ya zile tatu iliyotoka kwa ndege: moja alikata kwenye chupa ya plastiki, ya pili ilikuwa ya pembe ya ng'ombe, na ya tatu rangi ya asali yenye madoa meusi, inapitisha mwanga ukiielekeza kwenye taa. Hiyo alipewa na mwalimu wake. Ilikuwa ya ng'amba.

Nitaanzia kwenye unyoya, kwa sababu jina linadai hivyo. Wanahistoria wa Andalusia wanamtaja Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad na kufika Córdoba mwaka 822, kuwa ndiye aliyeacha kijiti cha kuchapia udi na kuanza kutumia unyoya wa tai. Hufafanuliwa kuwa unyoya ulikuwa laini kwa nyuzi na mwepesi kwa vidole. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba karne 12 zilizopita, ndani ya jumba la mtawala, kuna mtu alikaa akafikiri juu ya kitu kilekile kilichonifukuzisha bendi.

Risha ya udi ni ndefu, kama kidole na ziada. Ncha yake inachomoza kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na sehemu iliyobaki inalala ndani ya kiganja, kwa hiyo hata vidole vikilegea, kiganja kinaitunza. Kanuni nayo ina njia yake. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na risha huchomekwa kati ya pete na kidole. Hashiki kitu, kimevaliwa. Kanuni ina historia yake Unguja: inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza ala hiyo, akarudi kuwafundisha wengine, na mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, ambayo hadi leo inapiga taarabu. Katika habari zote hizo husikii mtu aliyedondosha risha. Nilimwambia Mjomba hivyo. Akacheka. "Wanadondosha sana. Ila hakuna anayeandika."

Kabla sijaondoka alikata mkia wa ile risha ya ng'amba, uliokuwa umepasuka, akausugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ukapata umbo la piki. "Kwa udi imechakaa," alisema. "Labda gitaa litaisamehe."

Naomba niseme wazi kilichotokea, ingawa hakinipi sifa. Kile kipande hakikuteleza. Plastiki hubaki baridi, na jasho hukaa juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Ng'amba ilipata joto la mkono wangu ndani ya dakika moja na kunata kwenye ngozi. Baadaye nilisoma kwa nini inaweza kuwa hivyo. Gamba la ng'amba ni keratini, dutu ileile ya kucha na nywele zetu. Nilikuwa nimeshika kucha ya mnyama mwingine kwa ngozi yangu mwenyewe, na vitu viwili hivyo vinafahamiana. Nilirudi Dar, nikaomba nafasi ya majaribio, nikapiga nyimbo saba mfululizo. Kiongozi wa bendi alitazama mkono wangu tu, hakutazama uso. Nafasi ikarudi.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta habari za mnyama mwenyewe. Ng'amba ni kasa mwenye mdomo uliochongoka kama wa mwewe, anayekula hasa sponji za kwenye matumbawe. Mgongoni ana magamba makubwa 13, yanayopandiana kama vigae: 5 katikati na 4 kila ubavu. Hayo ndiyo bidhaa. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kilichoandikwa na mfanyabiashara aliyejua njia za bahari kutoka Misri mpaka kwetu. Anataja soko la Rhapta na kisiwa cha Menouthias, ambacho wengi hudhani ni Unguja au Pemba. Anaeleza vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na jinsi watu wa kisiwani walivyotega kasa kwa vikapu kwenye mikondo ya maji, kazi ambayo mvuvi yeyote wa madema ataielewa bila mkalimani. Magamba yaliyotoka pwani hii, anasema, yalikuwa na soko zuri baada ya yale ya India. Karibu miaka 2000 iliyopita, basi, tayari tunajulikana duniani kwa pembe za ndovu na mgongo wa kasa.

Namna nyingine ya kumvua ilinishangaza zaidi, pengine kwa sababu nilikuwa mtu anayewaza kushika usiku na mchana. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, afisa wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alichapisha London maelezo ya wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaovua kasa kwa kutumia samaki. Ni chazo, yule mwenye kigandishio utosini. Mvuvi humfunga kamba mkiani, humtia majini karibu na kasa, naye chazo huenda na kujigandisha kwenye gamba. Kisha mvuvi anavuta kamba taratibu, kwa kuwa akivuta kwa pupa chazo ataachia. Umahiri wote uko katika kujua uvute kiasi gani. Nilipoisoma nilimpigia Mjomba simu. Akasema babu yake alikuwa na habari hizo, kisha akauliza kama ninakula vizuri.

Magamba yale yalikwenda kuwa vitana, vikasha, fremu za miwani. Na katika karne ya 19, nyuzi za chuma zilipoenea kwenye mandolini za Italia na unyoya ukashindwa kuzihimili, gamba likawa piki. Gitaa lenyewe lilichelewa. Kwa muda mrefu lilikuwa la vidole vitupu, mpaka nyuzi za chuma na kumbi za dansi zilipodai kelele zaidi.

Kabla ya hapo pwani yetu iliingia kwenye kidude hiki kwa mlango wa pili. Pembe za ndovu zilizopita Zanzibar zilisafirishwa hadi Connecticut, Marekani, kuwa vibao vya piano na vitana. Kuna mji huko unaoitwa Ivoryton, na jina halijifichi. Pembe hizohizo zilichongwa mipira ya biliadi. Zilipokuwa ghali mno, kampuni moja ya New York ikaahidi dola 10,000 kwa atakayepata mbadala, na katika kuhangaikia tuzo hiyo John Wesley Hyatt akatengeneza seluloidi na kuisajili mwaka 1870. Ilikuwa plastiki iliyoweza kuigiza pembe, na iliweza pia kuigiza ng'amba, madoa na yote. Mwaka 1922, inasimuliwa, Luigi D'Andrea wa New York alinunua mabamba ya seluloidi yenye rangi ya ng'amba kwenye mnada wa kando ya barabara, akawa anakata mioyo midogo ya mapambo. Mwanawe mdogo akaona ile mioyo inafanana na piki za mandolini. Kutoka hapo likaja umbo ambalo leo liko mfukoni kwa kila mpiga gitaa. Ukitazama piki nyingi za dukani utaona bado zina yale madoa ya asali na weusi. Wanaozinunua wengi hawajui wanatazama picha ya mnyama.

Nilikuwa nimeshaamua jinsi ya kuandika makala haya: hapo zamani kulikuwa na gamba lililoshika, ikaja plastiki inayoteleza, nasi tuliozaliwa karne hii tukarithi utelezi. Ilikuwa hadithi tamu, na ilinipa udhuru. Ikaharibiwa na karatasi moja. Mwaka 1917, miaka 5 kabla ya D'Andrea na mioyo yake, Richard Carpenter na Thomas Towner wa Oakland, California, walipata hataza ya piki iliyobandikwa kizibo, kizibo hiki cha chupa, ili isiteleze vidoleni. Maana yake watu walikuwa wanadondosha piki wakati ng'amba bado inauzwa waziwazi madukani. Waliangusha za gamba, waliangusha za seluloidi, na tangu hapo hawajaacha kutoboa mashimo, kuchonga mistari na kumwaga chembechembe. Mjomba alikuwa amesema: hakuna anayeandika. Waliandika, kumbe, kwenye ofisi ya hataza.

Nikaanza kuwatazama wapigaji kwa jicho jingine. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, akaimba kwa Kiswahili, na magitaa ya Afrika Mashariki hayakubaki yalivyokuwa. Hakuwa na cha kudondosha. Wes Montgomery wa Marekani alitumia dole gumba peke yake. Brian May wa kundi la Queen anatumia sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni 6, yenye kingo za meno, na husema haikazi. Hapa siwezi kujizuia: mwenzake kwenye kundi hilo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, wakati ambapo shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na ya Uingereza. Nusu ya shilingi ni peni 6. Yaani yule bwana anapiga gitaa kwa sumni.

Wakati huo kipande changu kilishaanza kujulikana. Mgeni mmoja aliyekuja kupiga kwenye hoteli tuliyokuwa tunatumbuiza wikendi alikiomba akitazame, akakishika kama anashika yai, akataja kiasi cha dola ambacho kingeninunulia spika mpya na kubaki chenji. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri usiku kucha, tena kwa hamu, sitadanganya. Nilichokuwa nimekisoma ndicho kilichonikalia kooni. Tangu 1977 ng'amba wote wamo kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile inayokataza biashara ya kimataifa; tangu 1996 wamehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka; na sheria zetu za uvuvi zinawalinda. Angekipitisha uwanja wa ndege ndani ya pochi, asingekamatwa na mtu. Baada ya hapo angewaambia wenzake vinapopatikana.

Asubuhi nilimwambia hapana, na akasema nimefanya vizuri, jambo lililonikera kidogo. Kwa sababu swali lililobaki halikuwa lake, lilikuwa langu: mimi mwenyewe nitaendelea kukitumia? Mnyama alishakufa kabla sijazaliwa. Mjomba alinipa kwa mkono wake. Na mbele yangu kulikuwa na harusi tatu mwezi huo.

Nilikirudisha kwenye kopo la biskuti. Jim Dunlop, Mskoti aliyehamia California, alianza kuuza mwaka 1981 piki za plastiki yenye uso wa kuparuza kidogo, zilizobuniwa kushika nafasi ya ng'amba; zina chapa ya kobe mdogo, kama kaburi lenye picha. Nikanunua za njano, unene wa milimita 0.73. Harusi ya kwanza nilidondosha moja. Harusi ya pili nilidondosha mbili, na kiongozi wa bendi akaanza tena kuutazama mkono wangu.

Mjomba alifariki masika yaliyofuata. Nilipokwenda kwenye msiba, shangazi alinipa kofia aliyoiacha nusu, sindano ikiwa bado imechomekwa. Niliimalizia mimi, kwa miezi minne, na ua langu ukiliweka karibu na lake linaonekana limeshonwa na mlevi. Lakini kuna wiki fulani katika miezi hiyo niligundua nimeshona saa nzima bila ganzi. Nilikuwa nabana sindano inapopenya, na inapotoka naachia, bila kuamua.

Jumamosi iliyopita kwenye mazoezi piki ilinitoka tena. Mpiga ngoma, kijana wa miaka 19, aliiona na macho yakamtoka kwa ajili yangu. Nikaupiga uzi wa besi kwa dole gumba na zile nyembamba kwa kidole cha shahada, sauti ikapungua, wengine wakashusha sauti zao kunisubiri, tukafika mwisho wa wimbo. Akainama, akaiokota chini ya ngoma ya mguu, akaifuta kwenye suruali. "Kaka," akasema, "hii bado ina joto." Nikaipokea.